Si kila mchezo wa kompyuta ni mbio za vidole

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba michezo ya kompyuta ni mbio za vidole tu, na kwamba anayeicheza hana muda wa kufikiri. Mimi ni mhasibu, nina miaka 54, vidole vyangu vina baridi yabisi, na juzi usiku nilikaa dakika 20 nikitafakari zamu moja.

Mchezo wenyewe ni XCOM: Enemy Unknown, uliotengenezwa na kampuni ya Firaxis na kutoka mwaka 2012 kuufufua ule alioubuni Julian Gollop, wa mwaka 1994. Unaongoza kikosi cha askari wanne, baadaye sita, dhidi ya wavamizi kutoka anga za mbali. Unawasogeza wako wote, kisha adui naye anasogeza wake. Ukiinuka kwenda kufungua mlango, adui anakungoja hadi urudi.

Kila risasi ina asilimia yake ya kupata, na hapo ndipo mimi nilipouingia mchezo huu mzimamzima. Askari mgeni, yaani asiye na uzoefu, ana nafasi ya 65 kumpata adui aliye wazi. Adui huyo akijibanza nyuma ya kitu kifupi, ondoa 20. Akiwa nyuma ya ukuta kamili, ondoa 40, zinabaki 25. Ukimzungukia ubavuni, kinga yote inafutika. Watu hulalamika wakikosa risasi ya 90, wakidhani mashine inawaibia. Lakini piga risasi tano za 90 uone: uwezekano wa zote kupata ni kama 59 tu. Hesabu hiyo nimeifahamu miaka mingi ofisini, ila sikuwahi kuihisi tumboni hadi juzi.

Nilikuwa na askari wanne. Mmoja nilimpa jina la marehemu kaka yangu, naye alikuwa amepona misheni tisa. Watatu walishamaliza zamu zao. Wa mwisho, kijana mgeni, nikampeleka miraba miwili mbele zaidi ya ilivyohitajika, nikawaibua maadui watatu waliokuwa nyuma ya lori. Sikuwa na mtu mwingine wa kuchukua hatua. Kosa ni langu: anayefungua njia husogezwa kwanza, ili wenzake wabaki na la kufanya akikutana na jambo. Mmoja wa maadui akazunguka ubavuni mwa kaka, aliyekuwa amejibanza nyuma ya gari. Risasi moja.

Mwanangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Akasema, "Mama, rudisha nyuma, anza tena." Hairudi. Nacheza kwa utaratibu ambao mchezo hujihifadhi wenyewe kila hatua, na aliyekufa amekufa. Jina lake linaingia ukutani kambini pamoja na wengine. Nilinyamaza kidogo. Kisha ndipo zikaja zile dakika 20: askari watatu, maadui watatu, bomu la mkono moja. Bomu halikosi, tena linavunja ukuta, kwa hiyo nililirusha kwenye ukuta badala ya kumtafuta aliye wazi, na yule kijana mgeni akapata 65 pale alipokuwa na 25. Akampiga. Tuliondoka watatu.

Sikatai kwamba iko michezo ya kukimbiza vidole, na wanaoipenda waicheze. Ninachoomba ni huu wa zamu usitiwe kapu moja nayo. Ndugu zake ni sataranji na bao.

Tena nina ombi kwako, Mhariri. Pale penye chemshabongo, wiki moja wekeni uwanja wa miraba, askari wanne, maadui watatu na asilimia zao. Niko tayari kuwachorea mimi mwenyewe zamu ile ile iliyomwondoa kaka, kabla sijamsogeza askari yeyote, wasomaji waniambie wangemsogeza nani kwanza.

Wako,
Mhasibu, msomaji wenu wa siku nyingi