Shoga yangu, mlango haujafungwa

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullah. Sisi huku London wazima, baba watoto naye mzima ila mgongo wake ni ule ule. Bibi mfikishie shikamoo yangu, na yule jirani wa maandazi pia. Vitenge nimeshavifunga, nasubiri mtu wa kunibebea.

Tumenyamaziana muda mrefu mno, lakini ujumbe wako wa juzi umeninyima usingizi. Umejifungua salama, mtoto anang'ang'ania ziwa, halafu unalia kwa sababu ni msichana wa nne? Na wifi yako anasema mbele ya wageni kwamba mlango wa kaka yake umefungwa? Arobaini yenyewe hujaitoa! Nilitaka kupiga simu nikanyamazishe mtu, baba watoto akanizuia. Basi nakuandikia wewe.

Karibu na kazini kwangu pana kanisa la kale la duara, Temple Church. Saa ya chakula huwa naingia kuangalia. Sakafuni kuna sanamu ya jiwe ya mtu aliyelala chali, deraya mwilini, ngao ubavuni, upanga mkononi. Mabomu ya Wajerumani ya mwaka 1941 yaliiharibu vibaya, lakini bado inatisha. Huyo ndiye William Marshal, mpiganaji maarufu wa Uingereza ya kale. Usiseme haya ni mambo ya Wazungu, nisikilize kwanza, maana yote yanakuhusu.

Alizaliwa karibu mwaka 1147, mwana wa nne wa kiume, kwa hiyo urithi wake ulikuwa mikono mitupu. Alipokuwa mtoto wa miaka kama mitano hivi, Mfalme Stephen wa Uingereza aliizingira ngome ya baba yake William kule Newbury. Baba akamtoa William rehani, kisha akavunja ahadi. Mfalme akatuma salamu kwamba mtoto atanyongwa. Unajua baba mtu alijibu nini? Kwamba nyundo na fuawe bado anazo, atafua watoto wengine walio bora zaidi. Baba mzazi, shoga, tena kwa mtoto wa kiume wanayemlilia hao! Mfalme ndiye aliyeona huruma. Utenzi mrefu wa Kifaransa uliotungwa baada ya William kufa unasimulia kwamba wawili hao, mfalme na mateka wake, walikaa hemani wakicheza vita kwa mashina ya majani.

Alikua, akawa bingwa wa mashindano ya mikuki, akatumikia wafalme mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1216, akiwa mzee wa miaka kama 70, alikabidhiwa nchi nzima aishike kwa niaba ya Henry wa Tatu aliyekuwa na miaka 9, na mwaka uliofuata akapanda farasi mwenyewe vitani Lincoln, akashinda. Lakini hayo wacha. Ninachotaka ukitazame ni mali yake. Alikuwa amevuka miaka 40 na hana kikubwa mpaka mwaka 1189 alipomwoa Isabel de Clare, binti wa miaka kama 17. Ngome ya Chepstow na haki ya kudai Pembroke kule Wales, nchi ya Leinster kule Ayalandi, vyote vilikuja na huyo binti. Na Leinster Isabel aliipata wapi? Kwa mama yake, Aoife, binti wa Mfalme Diarmait. Umeona? Nyumba iliyoitwa ya Marshal ilijengwa juu ya mwanamke aliyezaliwa na mwanamke.

Isabel akamzalia wana watano wa kiume na watano wa kike. Watano wa kiume! Wifi yako angepiga vigelegele mpaka Ijumaa. William mkubwa alifariki mwaka 1219. Mwanawe wa kwanza akashika nafasi, akafa 1231. Wa pili akafa kwa majeraha huko Ayalandi 1234. Wa tatu alikufa kwa ajali ya farasi mashindanoni 1241. Wa nne na wa tano walifuatana mwishoni mwa 1245. Wote watano hawakuacha mtoto wa ndoa hata mmoja. Watu wakasema ni laana ya askofu wa Ferns kule Ayalandi, kwa sababu ya mashamba yake ambayo mzee William aliyachukua. Maneno ya laana, kumbe, hayakuanzia kwa wifi yako.

Sasa tazama mabinti. Maud, mkubwa, alikabidhiwa fimbo ya Marshal, cheo cha jumba la mfalme kilichoipa familia jina, naye akamwachia mwanawe. Isabel, wa jina la mama yake, alizaa binti, binti akamzaa Robert Bruce, na huyo akamzaa Robert mwingine, mfalme aliyeikomboa Uskoti. Kwa hiyo mfalme huyo ni kilembwe cha mzee William, kwa kupitia bintiye. Damu ya Eva ilishuka kwa akina Mortimer hadi kwa Edward wa Nne, aliyetwaa kiti cha Uingereza mwaka 1461, na kutoka kwa binti wa Edward mpaka kwa Mfalme Charles wa leo. Sibyl alizaa mabinti saba. Saba, shoga, na ardhi yake ya Kildare wakagawana wote. Wana wa kiume walibeba jina na likaisha nao. Mabinti walibeba damu.

Lakini kinachonitoa machozi ni jambo jingine. Utenzi ule unasema mzee alipokuwa anakata roho alitamani kuimba, akasema watu watamwona kichaa. Wakaitwa mabinti. Maud akaimba kwanza. Joan, mdogo ambaye hajaolewa, sauti ikamtetemeka, na baba yake, mtu wa vita vyote vile, akamfundisha pale kitandani jinsi ya kuushika wimbo. Nikiusoma ukurasa huo nawakumbuka wanao watatu, wanavyoimba wakifua nguo.

Mwambie mumeo aisome barua hii. Yeye hajasema neno baya, najua, lakini amekaa kimya, na kimya chake wifi anakitumia.

Na sasa nijibu. Mtoto mmempa jina gani? Akika lini? Maziwa yanatoka ya kutosha, au bado unakunywa uji mwembamba ule? Nani anakukanda? Mkubwa amepata nafasi ya sekondari? Na yule mpangaji, amelipa? Nikuongezee nini kwenye mzigo, nguo za mtoto au mashuka? Nijibu upesi, anayenibebea anasafiri wiki ijayo.

Wako wa kufa kuzikana,
shoga yako