Kwenu wazazi wapya wa ploti yetu, Kaptembwa

Wanangu,

Kuta za nyumba zetu ni nyembamba, na usingizi wa uzee ni mwepesi. Namsikia mtoto akilia, kisha nawasikia nyinyi. Kilio chake hakinitii hofu kama maneno yenu ya saa nane usiku.

Kifungua mimba wangu alilia kila jioni hadi karibu saa sita, ngumi amekunja, magoti ameyavuta tumboni. Alinyonya vizuri, uzito uliongezeka, na kliniki hawakuona ugonjwa. Baba yake akaanza kuchelewa kurudi nyumbani. Nikaamini ananikimbia, naye akaamini sina haja naye tena. Usiku mmoja nilimtamkia neno juu ya mama yake, neno ambalo hata leo sitaliandika. Akachukua koti, akatoka mvua ikinyesha.

Mikono yangu ilitetemeka kwa hasira. Nilimlaza mtoto kitandani chali, nikakaa kizingitini hadi pumzi iliporudi. Usiku ule sikufanya jambo jingine jema. Kumtikisa mtoto mchanga kunaweza kumharibu ubongo, hata kumuua.

Kilio cha namna hii hupanda hadi wiki ya 6 hivi, kisha hupungua. Wengi hutulia wakifika miezi 3 au 4. Laiti mtu angenihesabia wiki hizo! (Akiwa na homa, akitapika sana au akikataa kunyonya, mpelekeni hospitali mara moja.)

Baba, sheria inampa mwajiriwa wiki 2 tu za kukaa na mtoto, nazo huisha kabla kilio hakijafika kileleni. Wa mjengo na wa boda hawana hata hizo. Kwa hiyo gawaneni usiku: wewe mshike mtoto hadi saa sita, mama alale. Nawe mama, usimpokonye mtoto kwa sababu amemfunga leso vibaya. Ndivyo nilivyomfukuza wangu, nikamlaumu kwa kwenda. Lawama za usiku ziwekeni hadi chai ya asubuhi.

Ukiona mama halii tena wala hali chakula, hata mtoto akinyamaza usingizi haumpati, mwambieni nesi siku ya chanjo, au kabla. Si uvivu, wala si jini.

Mume wangu alirudi alfajiri, amelowa. Alimpokea mtoto bila neno, akatembea naye uani. Nililala hadi saa nne.

Mlango wangu ni wa mwisho, karibu na tangi la maji. Mkichoka nyote wawili, nileteeni mtoto. Msibishe hodi kwa woga.

Nyanya yenu