"Mawimbi makubwa" yanameza mengi

Ndugu Mhariri,

Taarifa za bahari zikija kwa Kiingereza, magazeti yetu huzimaliza kwa maneno mawili: "mawimbi makubwa". Humo humezwa "rough", "swell", "choppy" na "breakers", na kila moja lina bahari yake.

"Rough" si sifa tu, ni kipimo. Katika jedwali la Shirika la Hali ya Hewa Duniani ni daraja la 5: mawimbi ya kimo cha mita 2.5 hadi 4. Mita 2 bado ni "moderate", daraja la 4. Yote mawili yakiandikwa "bahari imechafuka", nahodha ataamua kwa lipi? Tena kimo hicho ni wastani wa theluthi ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi. Mara mojamoja huja moja linalokaribia mara mbili yake.

Kosa zito zaidi ni kuchanganya "swell" na "choppy". "Swell" ni mawimbi ya kuumuka, yaliyozaliwa na upepo wa mbali. Huweza kufika hata siku ya shwari. Yakipishana kwa sekunde 14, kilele hadi kilele ni kama mita 300, na ngalawa hupanda na kushuka taratibu. "Choppy" ni mawimbi mafupi ya upepo wa hapohapo. Yakipishana kwa sekunde 4, kilele hadi kilele ni mita 25 tu. Mita 1 ya namna hiyo hujaza chombo maji upesi kuliko mita 2 za kuumuka. Huwa mabaya zaidi upepo ukipingana na mkondo, kama msimu wa kaskazi, kwa kuwa mkondo wa pwani ya Tanzania huenda kaskazini mwaka mzima.

Wala kuumuka kusidharauliwe. Kwenye maji ya kina kifupi mawimbi hayo huongezeka kimo, kisha yanakuwa "breakers", mawimbi ya kuvunja. Kwa kawaida wimbi huvunjika kina kikiwa kama mara 1.3 ya kimo chake. La mita 2, basi, penye mita 2.6 hivi. Ndiyo maana mlango wa mwamba, yaani pengo la kupitishia vyombo, uliopitika maji yamejaa huwa povu tupu yakipwa.

Watafsiri waandike aina ya mawimbi, kimo, sekunde na upande yanakotoka. Nafasi haiongezeki sana: "Mawimbi ya kuumuka, mita 2, kila sekunde 12, kutoka kusini-mashariki."

Msomaji,
Tanga