Nyuki Chini ya Paa: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako, kwamba nyuki wanaingia na kutoka kwenye tundu chini ya paa lako, nimeupata. Kabla ya lolote, usizibe lile tundu. Huyo fundi anayekushauri mpige saruji usiku mambo yaishe, mshukuru kisha mwambie asubiri. Kwanza tujue una wageni wa namna gani, maana nyuki wa nyumbani hawana dawa moja.

Saa nne au saa tano asubuhi, jua likishachangamka, simama pembeni hatua kumi hivi kutoka kwenye tundu. Usikae mbele ya njia wanayorukia. Ukiona nyuki wachache wanazunguka-zunguka, wanachungulia kila ufa, hao ni wapelelezi wanaotafuta makao. Usiku hurudi kwa wenzao, na hapo ndipo pekee penye ruhusa ya kuziba: giza liingie, uhakikishe tundu ni tupu, uzibe. Ukiona wanaingia moja kwa moja bila kusita, na baadhi wana vidonge vya njano au rangi ya chungwa kwenye miguu ya nyuma, hiyo ni chavua, chakula cha majana, yaani watoto wa nyuki. Ndani kuna masega, na malkia anataga. Wale wanaoning'inia tawini kama shada ni habari nyingine. Wako safarini, matumbo yamejaa asali na hawana watoto wa kulinda, kwa hiyo kwa kawaida huwa wapole. Mara nyingi huondoka wenyewe ndani ya saa chache hadi siku tatu. Waache wapumzike.

Kwa ulivyoeleza, wako wameshahamia.

Sasa, kwa nini tusizibe? Nyuki aliyefungiwa hufuata mwanga, na mwanga uliobaki mara nyingi ni upenyo wa taa ya darini au tundu la nyaya. Utawakuta chumbani. Waliokuwa mawindoni nao watarudi wakute mlango haupo, wazagae uani. Tuseme wamekufa wote huko ndani: shida ndiyo inaanza, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakipoza masega kwa kupepea mabawa. Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64, lakini hulegea mapema zaidi, na joto la chini ya bati linatosha kuangusha sega zito lisilopepewa. Asali itavuja na kuchora ramani darini, itachacha, kisha watafuata sisimizi, panya na nondo wa nta. Kuwapulizia dawa ya wadudu kunaishia hapohapo. Habari ya petroli na kiberiti sitaki hata kuisikia. Paa ni mbao.

Wa kuwatoa ni mfugaji nyuki; kazi yako wewe ni kumsaidia asibomoe dari nzima. Kiota kinaweza kuwa mita moja au zaidi kutoka kwenye tundu. Usiku wa baridi, ukiwa ndani ya nyumba, gusa ubao wa dari taratibu kwa kiganja. Majana hutunzwa kwenye nyuzijoto 34 au 35, hivyo mahali hapo patakuwa na uvuguvugu kuliko pembeni yake. Tega sikio, utasikia mvumo. Chora duara kwa chaki.

Ukimpata mfugaji, muulize swali moja tu: masega utayafanya nini? Akijibu kwamba atawafukuza kwa moshi basi, tafuta mwingine. Anayeijua kazi ataanza jua likikaribia kuzama, nyuki wengi wakiwa wamerudi na majirani wako ndani. Atavaa vazi jeupe, kofia ya wavu na glavu, na atafunga vifundo vya miguu na mikono, maana nyuki hupanda juu na hupenya kila mwanya. Moshi wa bomba lake la kufukizia nyuki uwe mweupe na wa baridi, wa maganda makavu au gunia la katani, kamwe si wa plastiki. Moshi huo hufanya mambo mawili: huficha harufu ambayo nyuki huitumia kuitana vitani, na huwafanya wakimbilie kujaza asali tumboni wakidhani moto unakuja. Taa yake iwe nyekundu, rangi ambayo nyuki hawaioni. Wakiona taa nyeupe huifuata.

Akifungua dari atakata masega moja moja. Yenye majana huyafunga kwa uzi au mpira kwenye fremu za mzinga, yakiwa wima vilevile yalivyoning'inia. Ya asali hutiwa kwenye ndoo yenye mfuniko. Malkia akiingia mzingani, wengine humfuata kwa miguu, na utawaona kwenye mlango wa mzinga wamenyanyua matako wakipepea kuwaita wenzao. Ukiona hivyo, kazi imeshika. Mzinga ubaki hapo hadi giza totoro ili waliochelewa waingie, kisha uzibwe kwa wavu upelekwe kilomita tano au zaidi. Ukipelekwa karibu, wanaokusanya chakula watarudi kwako kesho yake.

Kama wamejenga ndani ya ukuta usiobomoleka, kuna mtego wa koni: wavu wa matundu ya milimita 3 unakunjwa kuwa koni ya sentimita 30 hivi, upande mpana unabana tundu, ncha inabaki na uwazi wa sentimita 1. Wakitoka hawajui kurudi, wanaingia mzinga uliowekwa kando wenye sega la majana machanga. Njia hii ni ya subira. Yai huchukua siku 21 kuwa nyuki kibarua, kwa hiyo hesabu wiki nne hadi nane, na malkia kwa kawaida hatoki. Binafsi ningeichagua pale tu ambapo nyundo haiwezekani.

Baada ya hapo msikimbilie rangi. Kwangueni nta yote, osheni kwa maji ya moto na sabuni, kwa sababu harufu yake huita makundi mengine hata miaka mingi baadaye. Jazeni uwazi wenyewe, kisha ndipo saruji ya fundi wako ipate kazi. Ufa wa milimita 6 unamtosha nyuki kupita. Kwenye matundu ya hewa wekeni wavu wa milimita 3.

Hadi siku hiyo ifike, upande ule pasiwe na jenereta, mashine ya kukata majani wala kugongagonga. Mbwa asifungwe huko. Mnyama aliyefungwa hawezi kukimbia. Nyuki wakichachamaa, vuteni nguo zifunike uso, mkimbie moja kwa moja hadi ndani mfunge mlango. Msipunge mikono. Msijitose majini, watawangoja juu. Wachache watakaoingia nanyi si kitu.

Mwiba utolewe papo hapo, kwa kucha au kwa vidole, vyovyote vile, kwa sababu kifuko chake huendelea kusukuma sumu hata nyuki akishaondoka. Ukisikia harufu kama ya ndizi mbivu, ni wito wa vita. Ondokeni eneo hilo, na mahali palipoumwa paoshwe kwa sabuni. Uvimbe na muwasho wa pale pale ni kawaida. Midomo au uso kuvimba, vipele mwili mzima, kutapika, kizunguzungu au pumzi kubana ni hospitali dakika hiyohiyo, hata kama ameumwa na nyuki mmoja. Aliyeumwa na makumi apelekwe pia, hata akisema yuko sawa, na mtoto zaidi.

Mfugaji akishakupa siku, niambie, na majirani uwaarifu mapema ili wafunge madirisha jioni hiyo.

Mama yako