Pazar kapalı: barua ya kikundi chetu kwa kampuni iliyotupeleka Istanbul

Area D, Dodoma
29 Septemba 2025

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Uwakala wa Safari,
Dodoma.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SAFARI YA ISTANBUL YA TAREHE 12 SEPTEMBA 2025 NA MADAI YA KURUDISHIWA FEDHA

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mweka hazina wa kile kikundi cha akina mama kumi na sita mliowapeleka Uturuki mwezi huu. Ofisini kwako wananiita Mwalimu. Ndimi niliyekuwa naleta fedha kila mwisho wa mwezi kwenye bahasha ya kaki, na sikutoka bila risiti hadi binti wa mapokezi akanizoea. Risiti zote ninazo. Kila mama alilipa Sh 4,850,000, jumla Sh 77,600,000, akiba ya miaka miwili na nusu. Kati yetu wamo wauza mboga wa Sabasaba, wamo mafundi cherehani, na yumo muuguzi mstaafu wa miaka 71. Nusu ya safari ilikuwa kutembea, nusu biashara: tulitaka kuona kwa macho yetu vitambaa na mapazia ya Uturuki yanakouzwa, tuache kuyanunua Kariakoo kwa mkono wa tatu.

Mkataba tuliosaini unasema tungepanda treni ya umeme Dodoma hadi Dar es Salaam Ijumaa tarehe 12, tungeruka na ndege ya moja kwa moja usiku huo huo, Jumamosi asubuhi tuko Istanbul, hoteli mtaa wa Sultanahmet, mji wa kale, na siku hiyo hiyo ya kwanza tunapelekwa soko la Grand Bazaar.

Alhamisi saa 3 usiku, mabegi yameshafungwa, ujumbe ukaingia kwenye kundi la WhatsApp: tiketi za treni zimekosekana, tutatumia kosta, tuwe stendi ya Nzuguni saa 12 asubuhi. Saa 12 tulikuwepo. Kosta ilikuja na kuondoka saa 2. Dereva akasimama Kibaigwa akapakia watu watatu. Akasimama tena Gairo, akapakia wengine wawili na viroba vya viazi, akavibwaga juu ya mabegi yetu. Nilipomuuliza alinijibu kwa upole kabisa: "Mama, hela ya mafuta niliyopewa hainifikishi Dar." Simlaumu kijana wa watu. Nauli ya treni kwa daraja la kawaida ni Sh 31,000 kwa mtu, na ilikuwa ndani ya bei tuliyolipa. Wewe ndiye unayejua ilikwenda wapi.

Foleni ya Kibaha na Kimara nitaiacha, haina mwenyewe. Tulifika uwanja wa ndege saa 12 jioni, mwakilishi wenu akaja saa 2 usiku na bahasha ya tiketi. Ndege ni kesho, akasema, saa 10 jioni, tena inapitia Dubai. "Shirika limebadilisha ratiba dakika za mwisho, mama zangu, iko nje ya uwezo wetu." Tukamwamini. Tukatafuta gesti Kipawa, vyumba vinane, kila kimoja Sh 35,000, fedha yetu wenyewe.

Ni humo gesti, mbu wakininyima usingizi, nilipovaa miwani nikaisoma tiketi mstari kwa mstari kama nilivyokuwa nikisahihisha madaftari. Ina tarehe ya kutolewa: 2 Septemba 2025. Siku kumi kabla ya safari! Na tarehe 9 Septemba ofisi yako ilituandikia kwenye kundi: "Msiwe na wasiwasi akina mama, ndege ni ya moja kwa moja, mtasinzia Dar mtaamka Istanbul." Picha ya ujumbe huo nimeiambatisha, pamoja na nakala ya tiketi.

Ndugu Mkurugenzi, bila hizo siku kumi barua hii ingekuwa nusu ukurasa. Ndege hubadilika, tunajua, sisi si watoto. Mngetuambia tarehe 2 kwamba mmepata tiketi ya kuzunguka, tungelala makwetu Ijumaa, tungepanda treni Jumamosi asubuhi kwa nauli yetu, na mama yetu muuguzi angepanga dawa zake za presha kwa siku tatu za njiani badala ya moja. Na pengine tungekuuliza swali ambalo nadhani ndilo lililokuwa linaogopwa: tiketi ya kuzunguka ni nafuu kuliko ya moja kwa moja, tofauti inarudi kwa nani?

Dubai tulikaa tangu usiku wa Jumamosi hadi asubuhi ya Jumapili. Chakula cha kusubiria ndege kilichotajwa kwenye mkataba hatukukiona. Tulikula karanga na ubuyu tulivyokuwa tumevifunga vizuri kwa ajili ya kuwapa wenyeji wetu. Kiti cha magurudumu cha mama muuguzi, ambacho binti wa ofisini alituapia kwamba "kimeshaombwa", hakikuwa popote kwenye tiketi. Tulimshika mikono wawili wawili, kwa zamu.

Tulitua Jumapili saa 5:45 asubuhi. Saa za Uturuki na za kwetu ni zile zile, hakuna kurudisha mshale nyuma, kwa hiyo hesabu ni nyepesi: tangu kosta ing'oke Nzuguni ni saa 51 na dakika 45.

Nje hapakuwa na mtu mwenye kibao cha jina letu. Namba ya mwenyeji mliyotupa ilipokewa na bwana aliyekuwa akirudia neno moja tu, "Basi hapa, basi hapa," kwa Kiingereza cha kuombea maji. Tungekaa pale mpaka leo kama mpwa wa mmoja wetu asingetuunganisha kwa simu na kijana wa Kitanzania anayesoma mjini humo. Yeye alituuliza kitu kimoja: "Mama, tiketi imeandikwa IST au SAW?" SAW. Kumbe Istanbul ina viwanja viwili vikubwa. Istanbul Airport, yaani IST, uko upande wa Ulaya. Sabiha Gökçen, yaani SAW, uko ng'ambo ya mlango-bahari, upande wa Asia. Basi letu lilikuwa limepaki Ulaya likitusubiri, sisi tumekalia mabegi Asia. Mwenyeji wenu aliambiwa siku imebadilika. Kwamba na uwanja umebadilika, hakuna aliyemwambia. Basi lilifika saa 8:30 mchana.

Sasa ikaja ile ambayo wenzangu wakikumbuka wanacheka na mimi nikikumbuka nakasirika upya. Ratiba ya Jumamosi mliihamishia Jumapili kama ilivyo, hamkugusa hata nukta. Mwongoza watalii akatupeleka Grand Bazaar hata kuoga hatujaoga. Saa 10 jioni tuko mbele ya lango, lango limefungwa, na pamebandikwa karatasi: "Pazar kapalı". Mwenzetu mmoja, muuza mitumba, akapiga vigelegele. "Pazar si ndiyo bazaa? Jamani tumefika!" Yule kijana kwenye simu alicheka mpaka akakohoa. Kwa Kituruki pazar ni soko, na pazar hiyo hiyo ni Jumapili. Kapalı ni kufungwa. Soko la maduka yapata 4,000, lililoanza zama za Sultani Mehmed II katika karne ya 15, hufungwa kila Jumapili, na wala si siri. Kampuni inayouza safari ya Istanbul inatakiwa kulijua hilo kama konda anavyojua vituo vyake. Tulirudishwa pale siku ya mwisho kwa saa moja na nusu, tukikimbia na mabegi; mafundi cherehani hawakupata hata muda wa kuuliza bei ya jora.

Ili kutupoza, mwongozaji alitutembeza hadi Ayasofya. Na jengo lenyewe sina ugomvi. Lilikamilika mwaka 537, limekuwa kanisa, msikiti, makumbusho, na tangu 2020 ni msikiti tena; hata na miguu iliyovimba nilisimama nikakosa la kusema. Ila tangu Januari 2024 mtalii mgeni analipa euro 25 na kupelekwa roshani ya juu. Mkataba wetu unasema "viingilio vyote vimo". Mwongozaji hakupewa hata senti. Wenzetu wanne Waislamu walielekezwa mlango wa wanaokwenda kuswali, wakaingia bure wakaswali Alasiri. Watano tulilipa mfukoni. Saba walibaki nje wamekaa wakiwatazama paka.

Hoteli haikuwa Sultanahmet. Ilikuwa mtaa wa Esenyurt, zaidi ya saa moja kwa basi kutoka hapo. Safi, sina neno, lakini siyo tuliyolipia. Tulilala saa 4 usiku.

Tuliporudi, ofisi yako ilitupa pole kwa kutupa punguzo la asilimia 10 kwa safari ijayo ya Dubai. Dubai tumeshalala, ahsante.

Tunachodai ni hiki. Nauli ya treni ya watu 16, Sh 496,000. Gesti ya Kipawa, Sh 280,000. Viingilio vya Ayasofya, euro 125. Risiti za vyote nimeziambatisha. Tunadai pia tofauti ya bei kati ya tiketi ya moja kwa moja na tuliyopewa, na kati ya hoteli ya Sultanahmet na ile ya Esenyurt. Hizo mbili sizijui, unazijua wewe, kwa hiyo tuletee ankara halisi za ndege na hoteli tuzisome pamoja. Na kwa maandishi tuelezwe nani aliandika ujumbe wa tarehe 9 Septemba, na alipouandika alikuwa ameiona tiketi au la. Tafadhali usimtoe kafara binti wa mapokezi. Yeye huandika anachoambiwa.

Tunakupa siku 14 tangu utakapoipokea barua hii. Zikipita kimya, jalada hili nitalipeleka Tume ya Ushindani, na nakala Wizara ya Maliasili na Utalii. Mtumba, ziliko ofisi za wizara, si mbali, ni nauli ya daladala tu, na mimi ni mstaafu, muda ninao.

Kikundi kinakutana kila Jumapili saa 9 alasiri. Ukitaka kuja mwenyewe, karibu, sisi Jumapili hatufungi.

Wako,

Mweka Hazina,
kwa niaba ya wanakikundi 16