Simba wetu wapimwe tumbo likiwa tupu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyosema simba wa Uganda ni vimbaumbau mbele ya simba wa Afrika Kusini imenifuata mpaka kazini. Naendesha gari la watalii hapa Kasese, na tangu itoke, hakuna safari ya Ishasha, upande wa kusini wa Hifadhi ya Queen Elizabeth, inayokwisha bila abiria kuniuliza: "Dereva, kumbe hawa wenu ni wadogo?"

Ugomvi wangu ni wa hesabu. Mlimchukua dume mmoja aliyepigwa risasi karibu na Hectorspruit, Afrika Kusini, mwaka 1936, kilo 313, mkamsimamisha kando ya wastani wa madume wa Afrika Mashariki, yaani kilo 175 hivi. Yule ni jitu, na amekumbukwa kwa sababu hakuwa na mwenzake. Mngechukua wastani wa madume wa Hifadhi ya Kruger, nchi ile ile, mngepata karibu kilo 188. Pengo linabaki kilo 13, na kwa majike ni dogo zaidi: 124 hivi kwa 120. Kama ni mchezo wa kuokota majitu, basi jirani zetu wanaye dume wa karibu na Mlima Kenya aliyepimwa kilo 272 mwaka 1993.

Halafu kuna tumbo. Simba mwenye njaa anaweza kula zaidi ya kilo 30 za nyama kwa mkao mmoja. Mchuuzi mjanja wa ng'ombe analijua hili: mlambishe ng'ombe chumvi ya Katwe, mwache anywe maji, ndipo umpandishe kwenye mizani. Mnunuzi atalipia maji kwa bei ya nyama. Sikatai kwamba wa kusini huenda wamezidi kidogo, lakini bila kuambiwa nani alipimwa ameshiba, kilo 13 ni ushahidi mwembamba.

Urefu nao una ujanja wake. Wale simba wala watu wawili wa Tsavo, Kenya, waliosimamisha ujenzi wa reli iliyokuwa ikija huku kwetu, waliuawa na Patterson, mhandisi wa reli hiyo, Desemba 1898. Wa kwanza aliandikiwa futi 9 na inchi 8, mkia ukiwemo. Ukipitisha kamba juu ya mgongo, ikafuata kila kilima na bonde, utapata zaidi kuliko ukichomeka vijiti viwili, puani na kwenye ncha ya mkia, ukapima kwa mstari ulionyooka. Na wale wawili hawakuwa na manyoya ya shingoni. Kwenye picha mngewaita majike.

Jicho hudanganya hata hapa. Simba aliyelala juu ya mkuyu kule Ishasha, miguu ikining'inia, huonekana mrefu kama mamba. Akishuka na kuingia kwenye nyasi, abiria wananiambia amepungua.

Jambo ambalo makala yenu haikuligusa kabisa ni umri. Dume wa miaka mitatu ana sura ya mtu mzima, lakini mwili wake bado unajengeka, na hata baada ya miaka mitano huendelea kuongeza uzito. Sasa hesabuni wetu wangapi wanapata nafasi ya kufika umri huo: Aprili 2018 simba 11 waliuawa kwa sumu kijijini Hamukungu, ndani ya hifadhi yetu, wanane kati yao watoto. Machi 2021 wengine sita walikutwa wamekufa Ishasha. Na Jacob, dume wa hifadhi hiyo hiyo aliyevuka mfereji wa Kazinga kwa kuogelea mwaka 2024, alikuwa na miguu mitatu. Wa nne uliliwa na mtego. Ukimweka huyo kwenye mizani utasema simba wa Uganda ni wepesi?

Mara nyingine simba wetu watakapodungwa sindano ya usingizi ili wafungwe shingoni mikanda ya redio ya kuwafuatilia, waombeni madaktari wa wanyama mambo manne: uzito, umri, jinsia, na tumbo lilikuwaje. Yachapisheni pamoja. Mimi nitaibandika karatasi hiyo nyuma ya kiti changu, abiria wajisomee.

Dereva wa watalii,
Kasese