Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi: Baiskeli Yetu ya Mbao

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu wapendwa, wazazi, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya Klabu ya Sayansi tunakukaribisha shuleni kwetu hapa Eastlands, na tunakushukuru kwa kuvumilia msongamano wa Barabara ya Jogoo kwa ajili yetu.

Mheshimiwa, baiskeli uliyoiona pale langoni ni ya mbao kuanzia fremu, uma wa mbele, usukani hadi ringi. Cheni, pedali, beringi na breki ndivyo vya chuma. Chombo cha aina hii si kigeni. Mwaka 1817 Karl Drais wa Ujerumani alipanda mtambo wa mbao usio na pedali, akijisukuma kwa miguu. Na hapa jirani, Goma, vijana wanateremsha magunia ya viazi na makaa kwa chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma. Wao wanataka mzigo ufike. Sisi tulitaka mbio.

Mbao tulizitafuta Gikomba. Fundi mmoja alitukataza mkaratusi mbichi kwa kuwa hupinda na kupasuka unapokauka, tukachukua saiprasi ya fremu na plaiwudi ya ringi. Saiprasi tuliipasua vipande vyembamba, tukavipiga randa, tukavipaka gundi na kuvibana pamoja usiku kucha. Plaiwudi nayo tuliichagua kwa sababu nyuzi za matabaka yake zimepishana, kwa hiyo haichaniki kirahisi kama ubao mtupu. Juu ya ringi tumevalisha ukanda wa tairi kuukuu.

Wengi wetu tuliamini adui wa mwendo ni uzito. Majaribio yalituonyesha mwingine. Kila mwendeshaji alipokanyaga kwa nguvu, fremu ilijikunja pale chini unapopita mhimili wa pedali, tena ukiona kwa macho, na cheni ikaruka. Jasho la mwenzetu lilikuwa linaishia kukunja ubao badala ya kuzungusha gurudumu. Tukabandika plaiwudi pande zote mbili za sehemu hiyo kwa gundi na skrubu. Baiskeli ikawa nzito zaidi, na ikaenda kasi zaidi! Waliokuwa wameshinda wakipiga msasa ili kupunguza gramu hawajatusamehe.

Kupima mwendo tuliweka alama za mita 100 kwenye barabara ya ndani ya shule. Mwendeshaji huanzia mbali ili afike kwenye alama ya kwanza akiwa tayari ameshika kasi, kisha hurudi upande wa pili, nasi tunachukua wastani, maana barabara ile ina mteremko kidogo na upepo nao hauna adabu. Akiinama juu ya usukani hutumia sekunde 12, yaani kilomita 30 kwa saa. Akikaa wima anapitwa hata na mkokoteni wenye haraka. Sababu ni hewa: kasi ikiongezeka mara mbili, ukinzani wake huongezeka mara nne, na nishati anayotumia mwendeshaji kila sekunde kuushinda huongezeka mara nane.

Hapo Nairobi inatusaidia, kwa kuwa tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa yetu ni nyepesi. Eddy Merckx wa Ubelgiji alifuata hewa kama hiyo Mexico City mwaka 1972, akaendesha kilomita 49.431 kwa saa moja. Miguu yake, bila shaka, hatuna.

Mheshimiwa, kinachotuzuia sasa ni kusimama. Breki zetu hubana ringi, na plaiwudi ikilowa hazishiki, kwa hiyo mvua ikinyesha tunaifungia baiskeli stoo. Tena barabara ya shule inaishia ukutani. Tunaomba utusaidie kupata breki ya diski ya gurudumu la mbele, helmeti za kutosha waendeshaji wetu, na kibali cha kutumia barabara tambarare iliyofungwa magari, hata kama ni saa moja tu ya Jumapili asubuhi.

Baada ya chakula tutaipitisha mbele yako kwenye zile mita 100. Tunakuomba ushike saa wewe mwenyewe, kwa sababu Kidato cha Tatu wanadai tunapunguza sekunde.

Ahsante sana.

Ni sisi,
Wanachama wa Klabu ya Sayansi